Bahasha ya Siri na Chenji ya Rada

Maneno "chenji ya rada" siyapendi. Yalizoeleka magazetini na bungeni kuanzia mwaka 2010, na mpaka leo ukiyataja mbele ya watu wazima hapa Makambako watacheka. Lakini chenji ni kitu kinachoeleweka. Ukishuka kwenye basi la Songea pale stendi, ukanunua hindi la kuchoma la shilingi mia tano, ukatoa noti ya elfu, mama akakurudishia mia tano, hiyo ndiyo chenji. Bei umeitajiwa, fedha umeitoa mwenyewe, na kilichobaki umerudishiwa palepale ukiwa bado umesimama. Habari ya rada haikuwa na hata moja kati ya hayo. Mnunuzi halisi, yaani mwananchi mlipa kodi, hakutajiwa bei. Hakujua kuwa kuna dalali katikati. Na fedha iliporudi, haikurudi kwa sababu muuzaji alikumbuka uungwana. Ilirudi kwa sababu wapelelezi wa nchi nyingine walipekua vitabu vyake.

Nitaisimulia kwa kifupi kwa ajili ya vijana. Septemba 1999 serikali yetu ilitia saini mkataba wa kununua mtambo wa rada wa aina ya Watchman kutoka kampuni iliyokuwa chini ya British Aerospace, ambayo kabla mwaka huo haujaisha ikaitwa BAE Systems. Bei ilikuwa karibu dola milioni 40, au pauni milioni 28 za siku zile. Desemba 2001 serikali ya Tony Blair ilitoa kibali mtambo uuzwe nje, ingawa waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, Clare Short, alikuwa ameupinga waziwazi. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo Tanzania ilikuwa imekamilisha masharti ya kusamehewa madeni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mwaka 2002 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, walitoa maoni yao: mtambo ule kimsingi ni wa kijeshi, haufai vya kutosha kuongoza ndege za abiria, na bei yake ni kubwa mno.

Miaka hiyohiyo mimi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na ulipoanza ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, watoto walimiminika shuleni kama maji ya bwawa lililobomoka. Walimu hawakutosha. Tukaambiwa tuwafundishe kwa mtindo wa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Niliwapeleka vijana wangu kwenye mazoezi ya kufundisha katika vijiji vya Njombe ambako darasa moja lilikuwa na watoto zaidi ya mia, na kitabu kimoja cha hesabu kikishikwa na mwalimu peke yake. Wakati wa baridi ya Juni na Julai, ambayo wenyeji wa Njombe wanaijua, watoto walikaa juu ya matofali au juu ya sakafu ya udongo. Tulipouliza habari ya vitabu, jibu lilikuwa kwamba fedha hazijatosha. Lilikuwa jibu la kweli. Lakini hakuna aliyetuambia zilikokwenda, wala sisi hatukuwa na mahali pa kuuliza, maana mambo ya rada ni mambo ya ulinzi, na mambo ya ulinzi ni siri.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu.

Mimi si adui wa siri. Mtu aliyesimamia mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini hawezi kuwa adui wa siri. Mitihani ya Baraza ililetwa kwetu ndani ya bahasha zenye lakiri, ikahifadhiwa chini ya ulinzi wa polisi, na kila aliyeipokea alitia saini yake na saa aliyoipokea. Asubuhi ya mtihani msimamizi aliinyanyua bahasha mbele ya watahiniwa, akawaonyesha kuwa haijaguswa, ndipo akaifungua mbele yao. Tangu dakika ile siri ilikuwa imekwisha kazi yake. Jioni mtahiniwa aliweza kwenda na maswali kichwani akabishana na wenzake njia nzima, na hakuna askari aliyemkamata.

Tazama basi siri ya kweli ilivyo. Ina mwenyewe anayejulikana. Ina sababu ambayo hata mtoto wa darasa la nne anaielewa. Inafichwa kwa mtu ambaye angeitumia vibaya. Tena ina saa ya kufunguliwa, na saa hiyo hutangazwa mapema. Na kilichofichwa ni maswali tu. Gharama ya karatasi, mshahara wa dereva na jina la mchapaji havikuwamo ndani ya bahasha.

Katika rada pia kuna mambo ya kufichwa. Mtambo unaona umbali gani, upande gani mlima unauzuia, mawimbi yake ni yapi, nani anakesha zamu ya usiku. Hayo sitaki kuyajua, na akitokea mtu wa kuniambia nitamwambia anyamaze. Lakini bei? Dalali? Asilimia ya dalali? Adui gani angeivamia Tanzania kwa sababu amejua kwamba mtambo uligharimu milioni 40 badala ya milioni 20? Ndege za adui hazisomi stakabadhi. Anayedhurika bei ikijulikana ni mmoja tu, naye ni yule aliyeongeza cha juu.

Lazima niseme jinsi wenzetu wanavyolinda siri zao, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapokuwa la kuchukiza zaidi. Ndege ya kivita ya siku hizi haitengenezwi na kampuni moja wala nchi moja. Ile F-35 ni ya Lockheed Martin ya Marekani, lakini BAE wa Uingereza wanaunda sehemu ya nyuma, na nchi nyingine kadhaa zimechangia fedha na viwanda. Wahandisi wa huku na wahandisi wa kule lazima wapelekeane michoro kila siku, na wizara za ulinzi nazo ziione. Basi tangu miaka ya mwanzo ya 2000 makampuni makubwa ya silaha, BAE ikiwa mojawapo, pamoja na wizara za ulinzi za Marekani na Uingereza, yalikaa pamoja kuweka utaratibu wa kupashana habari kwa kompyuta kuvuka mipaka bila habari kuibwa. Kwa lugha nyepesi ni hivi: kila mfanyakazi anathibitishwa na mwajiri wake kuwa ndiye, na wengine wote wanaukubali uthibitisho huo. Kila waraka unabandikwa alama ya kueleza watu gani na wa uraia gani wanaruhusiwa kuuona. Na kompyuta inaandika ni nani aliyeufungua, lini, na akafanya nini.

Kazi nzuri. Mwalimu yeyote wa zamu angeisifu. Lakini ndugu msomaji, linganisha na haya. Tarehe 21 Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark mjini London, kampuni hiyohiyo ya BAE ilikiri kosa moja kuhusu Tanzania. Haikukiri kutoa rushwa. Ilikiri kwamba haikutunza hesabu zinazotosha kueleza malipo iliyoyafanya. Malipo yenyewe yalikuwa dola milioni 12.4, kama asilimia 31 ya bei ya mkataba mzima, yaliyolipwa kwa kampuni mbili za wakala wake nchini, Shailesh Vithlani. Katika maelezo yaliyokubaliwa na pande zote ilielezwa kuwa ulikuwapo uwezekano mkubwa kwamba sehemu ya fedha hizo ilitumika katika kuipendelea kampuni wakati wa majadiliano ya mkataba. Jaji Bean hakuficha alivyofikiri. Alisema ni ujinga uliopita kiasi kudhani mtu yule alikuwa mshawishi tu anayelipwa vizuri. Kisha akaitoza kampuni faini ya pauni 500,000.

Yaani watu wanaoweza kukwambia ni mhandisi gani alifungua mchoro wa bawa saa tisa usiku, hawakuweza kueleza dola milioni 12 zilikuwa za nini. Mimi nilikuwa na mtunza stoo chuoni aliyeishia darasa la saba. Angekosa maelezo ya magunia mawili ya maharage, angelala rumande.

Utaratibu wa siri wa wakubwa haukosi umakini hata kidogo. Ni makini sana. Ila umejengwa kwa ajili ya pande mbili tu, serikali na muuzaji. Katika orodha ya wanaoruhusiwa kufungua mlango, jina la anayelipa halimo. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi wa rada kata yake ilikuwa London, na sisi tuliokuwa tukichota maji kwa kiganja tulijua yaliyomo kwa kusikiliza redio. Habari ya malipo kwa wakala ilitolewa na gazeti la Guardian la Uingereza Januari 2007. Waliobishana juu ya kibali ni mawaziri wa Uingereza. Waliopeleleza hadi mwisho ni SFO, ofisi ya Uingereza ya kushughulikia udanganyifu mkubwa. Aprili 2008 waziri wetu mmoja alijiuzulu baada ya kutajwa kwamba ana zaidi ya dola milioni moja katika benki ya kisiwa cha Jersey, fedha alizoziita vijisenti. Alikana kuhusika na rushwa ya rada, na mwaka 2010 Takukuru ikasema hakuna ushahidi dhidi yake. Sina la kuongeza hapo. Ninachosema ni kwamba hata habari hiyo ilitufikia kwa kupitia wapelelezi wa kigeni.

Tena msidhani Waingereza walitutendea haki kwa kuwa ni watu wema. SFO walikuwa wakiipeleleza kampuni ileile kwa mauzo makubwa zaidi ya ndege za kivita kwa Saudi Arabia, biashara iliyoanza mwaka 1985. Desemba 2006 upelelezi huo ulisimamishwa ghafla. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama wa taifa: Wasaudi walitishia kuacha kushirikiana na Uingereza katika kupashana habari za kijasusi kuhusu magaidi. Mahakama Kuu mjini London ilisema mwaka 2008 kwamba kusimamisha kule hakukuwa halali. Miezi mitatu baadaye majaji wa juu kabisa wakasema kulikuwa halali. Jalada likafungwa.

La Tanzania halikufungwa. Kwa nini? Nimelifikiria swali hili mara nyingi, na jibu langu ni la kuumiza kidogo. Sisi hatukuwa na habari za kijasusi za kumnyima mtu. Hatukuwa na mafuta, wala hatukutazamiwa kununua ndege nyingine sabini. Mwenye siri nyingi alilindwa na siri zake. Sisi tuliokuwa hatuna kitu tulipata hukumu, na kwa hukumu hiyo tukapata vitabu. Kwa hiyo anayeniambia kwamba siri kati ya serikali na wauza silaha inamlinda raia, namwomba anieleze raia gani wa Saudi Arabia alipata hata daftari.

Najua nitajibiwa. Nimekwisha kujibiwa mara nyingi, na watu ninaowaheshimu, wengine niliowafundisha. Wanasema: Mwalimu, huwezi kutangaza ununuzi wa vyombo vya ulinzi kama unavyotangaza zabuni ya kujenga choo cha shule. Sawa. Lakini mwaka 2017 Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa rada nne za kuongozea ndege, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, hapo jirani zetu wa Mbeya. Bei ilitangazwa hadharani mbele ya kamera: shilingi bilioni 67 hivi, ambazo kwa kiwango cha wakati ule hazifiki dola milioni 31. Rada nne. Nakubali kwamba hizi si za jeshi, na kwamba vyombo vya namna hii hushuka bei miaka inavyopita. Ukishayatoa hayo yote, bado rada moja kwa milioni 40 na rada nne kwa milioni 30 ni hesabu ambayo mwanafunzi atainyoshea mkono. Na bei ilipotangazwa anga la Tanzania halikuanguka.

Wengine husema ni jambo la zamani. Waangalie Kenya. Kule mikataba 18 ya usalama, mingine ya pasipoti, mingine ya maabara ya polisi, ilipitishwa chini ya kivuli cha usalama wa nchi bila kushindanishwa, na kampuni iliyoipa kashfa hiyo jina lake, Anglo Leasing, ikaonekana ni jina juu ya karatasi. Katibu Mkuu aliyekuwa akishughulikia maadili, John Githongo, alijiuzulu mwaka 2005 akiwa Uingereza. Na bado Mei 2014 serikali ya Kenya ililipa shilingi za kule zaidi ya bilioni moja kwa madai ya mikataba hiyohiyo. Ndivyo siri isiyo na saa ya kufunguliwa inavyozaa: unailipia mara ya kwanza kwa kutojua, na mara ya pili unailipia huku unajua.

Sheria zetu je? Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inarudia haki hiyo, halafu inaruhusu taarifa izuiwe kwa ajili ya ulinzi na usalama wa taifa. Na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 ipo bado, nayo inamtisha karani yeyote mwenye waraka uliopigwa mhuri. Sisemi zifutwe. Nasema hakuna mahali ambapo aliyepiga mhuri analazimika kuja kueleza ameupiga kwa nini na utaondolewa lini. Kinyume chake, mwenyekiti wa kijiji asiye na mshahara anatakiwa kila miezi mitatu kusimama mbele ya mkutano mkuu wa kijiji na kusoma mapato na matumizi, mpaka bei ya misumari. Nimehudhuria mikutano hiyo huku kwetu. Nimemwona mwenyekiti akitoka jasho, na baridi ipo, kwa sababu ya mabati sita ya zahanati. Watu wa Njombe ni wabishi kwa mambo ya hesabu, na ndiyo maana shule zao nyingi walizozijenga kwa michango zimesimama mpaka leo.

Fedha ilirudi Machi 2012, mwezi uleule tulipopewa mkoa wetu wa Njombe kutoka Iringa. Ilikuwa pauni milioni 29.5 na riba yake. Hata kurudi kwake kulikuwa kwa mvutano, maana kampuni ilitaka ifikirie yenyewe, kwa kamati yake yenyewe, namna ya kutusaidia, kana kwamba inatoa sadaka. Wabunge wetu, wakiongozwa na Naibu Spika wa wakati huo Job Ndugai, walisafiri kwenda London mwaka 2011 kudai, na kamati ya Bunge la Uingereza ikawaunga mkono. Ndipo zikapatikana fedha za vitabu vya shule za msingi, miongozo ya walimu na madawati. Nilikuwa nimestaafu. Sitabeza vitabu; nimeishi maisha yangu yote nikivililia. Lakini mtoto aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2002, akikaa juu ya tofali, vitabu hivyo vilipokuja alikuwa na miaka kama kumi na saba. Alikuwa amekwisha maliza shule, au hakumaliza, na pengine alikuwa pale stendi ya Makambako akiuza mahindi. Hakuna pauni iliyorudi kwake.

Ninachotaka si kingi. Kila mkataba wa ulinzi unaowekwa ndani ya bahasha uandikwe mambo manne juu ya bahasha, kwa nje: jumla ya fedha, jina la muuzaji, jina la kila aliyelipwa kati ya muuzaji na sisi, na mwaka ambao bahasha itafunguliwa. Ya ndani waachiwe wanajeshi. Wabunge wachache walioapishwa waruhusiwe kuyaona ya ndani pia, wakiwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, na aliyepiga mhuri aitwe aeleze. Na yule muuzaji wa nje aambiwe wazi tangu siku ya kwanza kwamba hapa ndivyo tunavyonunua. Kama haridhiki, Thales na wenzake wapo.

Tena tuanze na jalada la kale. Mkataba wa rada ulitiwa saini mwaka 1999, zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita. Dalali wake ametajwa mahakamani, bei yake inajulikana duniani kote, na mtambo wenyewe ni mzee. Mkataba wote uchapwe, na barua zilizoandikwa kabla yake, na majina ya waliokaa upande wetu wa meza. Nakala moja tu ikiletwa ofisi ya mkoa pale Njombe, nitapanda gari asubuhi, ni kilomita sitini hivi kutoka hapa, nikaisome kwa miwani yangu hadi ukurasa wa mwisho.